Anayeona Kwanza Ndiye Aamue

Mchungaji na wazee wa kanisa, akina mama wa vyama, vijana wa boda boda wa steji za Kondele na Manyatta hapa Kisumu, wahudumu wa afya ya jamii mliokuja na mikoba yenu, hamjambo. Wajaluo wenzangu, amosou duto. Mliotoka Vihiga na Kakamega, mulembe.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya mlangoni, pale wagonjwa wanapopokewa usiku. Mchungaji aliponiomba nizungumze juu ya dalili za hatari, nilimwambia kwamba mabango ya dalili yamebandikwa kwenye kila kliniki na watu wanayapita wakitafuta choo. Nilitaka kuzungumza juu ya zile saa ambazo dalili imeshaonekana nyumbani na mgonjwa bado hajatoka mlangoni kwake.

Kuna swali tunalomuuliza kila anayeleta mgonjwa: ilianza lini? Mwenye nyumba hujibu haraka, "Sasa hivi tu, sista." Kisha nyuma yake, mtu ambaye hakuulizwa, msichana wa kazi, au mtoto wa darasa la tano, au mke wa kijana wa mwisho, ananong'ona: "Tangu jana jioni." Ukikaa mlangoni muda mrefu unajifunza kumtafuta huyo wa pili kwa macho kabla hata hujauliza.

Yeye ndiye aliyeona. Anajua mtoto huyu kwa kawaida huamka akidai chai, na leo hakudai. Anajua mzee huvaa viatu mwenyewe, na leo amehangaika na kamba. Hana thamometa wala mashine ya presha, lakini anaijua kawaida ya mtu wake, na hakuna daktari anayeweza kuijua vizuri kuliko yeye. Shida ni kwamba katika nyumba zetu nyingi anayeona hana ruhusa ya kuamua. Lazima mama mkwe aulizwe. Lazima baba watoto apigiwe simu Nairobi, na yuko kazini, hapokei. Lazima shemeji atafutwe kwa sababu ndiye mwenye pesa. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya wanawake wanaopoteza maisha kwa ajili ya uzazi, wakaeleza kwamba kuchelewa ni kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Barabara na hospitali tunazilalamikia kila siku, na tuna haki. Lakini kule kuchelewa kwa kwanza hakuna gavana wa kulaumiwa. Kuko sebuleni kwetu.

Nianze na mtoto mwenye homa, kwa sababu kanda hii ya ziwa ni nyumba ya malaria na kila mama hapa ameshawahi kukesha. Homa peke yake hainitishi sana. Mtoto anaweza kuwa moto kama jiko, lakini akiwa bado ananyonya, analia kwa nguvu na kumsukuma anayemgusa, bado tuna nafasi ya kupumua, japo anapaswa kupimwa siku hiyo hiyo. Ninayemwogopa ni mtoto aliyenyamaza. Mama anasema, "Sasa ametulia, amelala," na ukimwinua shingo inaning'inia. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea na hashtuki ukimwita, au aliyepata degedege hata mara moja, huyo haangaliwi hadi asubuhi. Hata ikiwa ni saa nane ya usiku. Dawa ya kumeza haikai tumboni mwa mtoto anayetapika. Malaria kali inatibiwa kwa sindano ya atesuneti, na sindano hiyo haiko kwenye kemisti ya jirani iliyofunga saa tatu.

Tazameni pia kifua. Mvue nguo mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa ya simu. Mtoto wa miezi 2 hadi mwaka mmoja akifikisha pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi miaka mitano akifikisha 40, anapumua haraka kuliko inavyopaswa, na huenda ni nimonia. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, acha kuhesabu, beba mtoto. Viganja vikiwa vyeupe, au mkojo ukiwa na rangi ya soda nyeusi, damu inaharibika. Chanjo ya malaria tunayo tangu Septemba 2019, na uzinduzi wake hapa Kenya ulifanyika jirani yetu tu, Homa Bay. Wapelekeni watoto wapate dozi zote. Lakini chanjo inapunguza malaria, haiiondoi, na mama mmoja asije akaniambia "huyu amechanjwa" wakati mtoto haelewi maneno.

Kuhusu degedege, akina nyanya mnisamehe. Kijiko hakiwekwi kati ya meno. Wala kitunguu puani, wala moshi, wala mafuta mdomoni. Mlaze ubavu, mwondolee vitu vinavyoweza kumuumiza, legeza nguo, mwache mdomo wake. Nimeona meno yaliyovunjwa na kijiko, na hakuna hata mmoja aliyesaidiwa nacho. Na kama nyumbani kuna wanaotaka kwanza kujua ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, ya nani au ni jicho la nani, mimi sibishani na imani ya mtu saa nane ya usiku. Nasema hivi: mjadala huo unaweza kuendelea mtoto akiwa na dripu mkononi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa nitumie muda mrefu zaidi, kwa kuwa linatuhusu sisi wa ziwani kuliko Wakenya wengi. Sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwaka 1954 mtafiti mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alionyesha kwamba watu waliobeba nusu ya ugonjwa huu, yaani waliorithi chembe ya urithi (jeni) kutoka kwa mzazi mmoja tu, hukingwa kwa kiasi fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana chembe hiyo imejaa pwani na kandokando ya ziwa letu, ambako mbu walitutesa kwa vizazi, na ni adimu nyanda za juu. Ile ile iliyowaokoa babu zetu ndiyo inayowatesa wajukuu. Baba na mama wote wawili wakiwa wamebeba nusu, wazima wa afya, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Hakuna aliyelaaniwa. Hakuna mke wa kurudishwa kwao. Damu ya baba imechangia sawasawa na ya mama, na wanaume hapa naona mnanitazama vibaya, lakini ndivyo ilivyo.

Mtoto huyo kwa miezi ya kwanza anaonekana sawa. Kisha, karibu na nusu mwaka au baadaye, vidole vya mikono na miguu vinavimba, analia ukivigusa, na watu wanasema ameumwa na mdudu. Hiyo mara nyingi ndiyo ishara ya kwanza. Akikua maumivu yanakuja mifupani, na hapa ndipo familia inapoanza kuchoka naye. Anaambiwa anajifanya ili asiende shule. Anaambiwa jana ulikuwa unacheza mpira. Naam, jana alikuwa anacheza, na leo chembe zake za damu zimejikunja kama mundu na kuziba mishipa, na anaumia kweli. Anayeishi na mtoto wa sikoseli anazoea kilio, na kuzoea huko ndiko kunakoua, maana siku moja kilio hicho hicho kina jambo jingine ndani yake.

Kwa hiyo tenganisheni maumivu aliyoyazoea na mambo ambayo hayazoeleki. Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi kwa mtoto wa sikoseli ni dharura, hata akiwa anacheka, kwa sababu wengu wake haufanyi kazi ya kupigana na bakteria kama wa mtoto mwingine, na maambukizi yanaweza kumzidi ndani ya siku moja. Usimpe Panadol ukangoja. Tumbo likivimba ghafla upande wa kushoto chini ya mbavu, na mtoto akapauka midomo na viganja na kuishiwa nguvu, wengu umekusanya damu nyingi ya mwili. Huyo anahitaji kuongezewa damu, na hana saa nyingi. Akina mama wenye watoto hawa, ombeni kliniki wawafundishe kupapasa wengu kwa vidole. Mkishajua kawaida yake, nyinyi mtagundua ukikua kabla ya daktari. Maumivu ya kifua pamoja na kikohozi au pumzi fupi, haraka. Mkono uliolegea ghafla au mdomo uliopinda, haraka, kwa maana watoto hawa hupata kiharusi wakiwa bado wa chekechea. Na kwa vijana wa kiume kuna jambo wanalolificha kwa aibu: uume kusimama kwa saa nyingi bila kutaka na kwa maumivu. Ikipita saa 4 hiyo ni kazi ya hospitali. Baba mwambie kijana wako mapema, kabla halijatokea, kwamba siku likimpata aje kwako na hutacheka. Usipomwambia atalala nalo chumbani mpaka aharibikiwe.

Watoto hawa wanaishi wakitunzwa. Penisilini ya kila siku hadi miaka mitano, chanjo, kinga ya malaria, maji mengi, na dawa iitwayo haidroksiyurea kwa wanaoandikiwa. Wapo watu wazima wenye sikoseli wanaofanya kazi na kulea watoto wao katika mji huu. Nalisema kwa sababu bado nasikia watu wakisema "hao hawafiki ishirini", wakiisema mbele ya mtoto mwenyewe.

Kwa wazee wetu nitakwenda mbio kidogo. Presha haiumi, ndiyo ubaya wake. Siku inapolipuka kichwani, mtu anapinda mdomo, mkono mmoja unakataa kuinuka, maneno yanatoka yamevurugika. Mwambie acheke, ainue mikono yote miwili, aseme jina la mtoto wake wa kwanza. Kimoja kikigoma, tazama saa na uandike ni lini mara ya mwisho alionekana mzima, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani ina muda: takriban saa 4 na nusu tangu dalili ianze, na kwanza lazima apigwe picha ya ubongo ijulikane kama ni donge au ni mshipa uliopasuka. Kwa hiyo usimpe aspirini nyumbani, usimpe maji wala uji, atakabwa. Na dalili zote zikiisha baada ya nusu saa akasema "nipo sawa, nipeni chakula", msimwamini. Hilo ni onyo, na kiharusi chenyewe kinaweza kufuata siku hizo hizo.

Vijana wa boda, hili ni lenu. Mtu anayeyumba steji, jasho limemtoka, anaongea ovyo na kutaka kupigana, msikimbilie kusema amelewa. Kama ana ugonjwa wa sukari na amechoma insulini bila kula, sukari yake imeshuka na ubongo unakosa chakula. Ikiwa bado anaweza kumeza, mpe soda ya kawaida au maji yenye sukari, na mtu abaki naye. Akiwa hajitambui msimmiminie chochote mdomoni, mpelekeni. Nimepokea watu walioletwa wamefungwa kamba kama walevi.

Mama mjamzito, niliyemgusia nilipotaja kuchelewa kwa aina tatu, nitamsema kwa ufupi kwa sababu kliniki huwafundisha vizuri. Mimba ikishapita nusu, kichwa kinachouma sana na hakipoi, macho kuona ukungu au nyota, maumivu ya juu ya tumbo, uso na mikono kuvimba: hicho ni kifafa cha mimba kikibisha hodi, na kinaweza kumpata hata baada ya kujifungua, katika wiki sita za kwanza. Wengi wanadhani hatari inaisha mtoto akishatoka. Waume wanasherehekea na mama amelala chumbani kichwa kinampasuka. Damu inayoloanisha nguo baada ya nguo pia haingojei mtu amalize chai.

Kuna hatari moja isiyo na homa wala damu. Katika makanisa yetu tunaizungumzia baada ya mazishi tu, na kwa kunong'ona. Mtu anaweza kuwa katika hatari ya kujitoa uhai na bado anakwenda kazini. Msikilizeni anayesema, hata kwa utani, kwamba nyinyi mngepumzika bila yeye, kwamba amekuwa mzigo. Anayeanza kugawa vitu anavyovipenda, kulipa madeni madogo madogo ghafla, kuwaaga watu bila safari. Kijana aliyepoteza karo kwa kubeti na sasa hali wala halali. Na huyu ambaye hutupotosha: aliyekuwa na huzuni miezi mingi, halafu kwa siku moja akawa mtulivu kabisa bila sababu. Familia inashukuru Mungu. Mimi ningekaa naye usiku huo.

Muulizeni wazi wazi. "Ndugu yangu, umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, wazo kama lipo lilikuwepo, na swali linampa mahali pa kulitua. Usimhubirie, usimwambie wengine wana shida kubwa kuliko zake. Usimwache peke yake, fungieni dawa za shambani na za hospitali mbali naye, na mfikishe kwa mhudumu wa afya. Mkipiga 1199 ya Msalaba Mwekundu hamlipi, na kuna watu wa kuzungumza nanyi. Zamani familia zilificha kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio hilo kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Aliyejaribu anahitaji wodi, na hata sheria sasa imeanza kukubali hivyo.

Mzee mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: je, tukikimbilia hospitali na kumbe si kitu? Mzee wangu, kwa heshima zote, mtakuwa mmepoteza nauli. Sijawahi kuona muuguzi anayekasirika kumrudisha nyumbani mtoto mzima. Kama yupo, mwacheni akasirike.

Na pesa? Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Neno hilo "dharura" litamkeni pale dirishani, kwa sauti. Makaratasi ya SHA, bima ya afya ya serikali, shughulikieni mapema, mgonjwa akiwa mzima, kwani usiku wa shida si wakati wa kutafuta nambari ya kitambulisho. Tena, kila mtu hapa akipata shida anataka Russia, hospitali yetu ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Kwa kiharusi ni sawa, nendeni palipo na mashine ya picha. Lakini mtoto mwenye degedege kule Nyamasaria au Ahero apitishwe kwanza kituo kilicho karibu na kiko wazi, apewe oksijeni, sukari, na sindano ya kwanza, halafu ndiyo asafirishwe.

Sasa ombi langu kwa wenye nyumba, hasa wazee na akina mama wakwe. Leo jioni, kabla ya chakula, mwiteni msichana wa kazi, mkwe, na mtoto mkubwa. Waambieni mbele ya wote: ukiona mtu wa nyumba hii amebadilika kwa namna inayokutisha, usinitafute. Piga simu kwa boda fulani, chukua pesa mahali fulani, toka. Utanipigia ukiwa njiani, na hata kama ulikosea hakuna atakayekugombeza. Lisemeni kwa sauti yenu wenyewe, maana msichana yule hatalichukua kutoka kwangu. Anawaogopa nyinyi, si ugonjwa. Na vijana wa boda, kubalianeni na nyumba tano sita za jirani kwamba simu yenu haizimwi usiku, na kwamba nauli ya mgonjwa hudaiwa kesho yake. Kwa ambulensi ni 999 au 112, lakini msikae mkiingoja kama boda au tuktuk iko mlangoni na mgonjwa anaweza kuketi.

Serikali ilipowazindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mwaka 2023, iliwapa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Wako hapa, meza tatu pale nyuma. Waliofunga asubuhi waanze kwenye meza ya sukari, wenye presha wakae kwanza dakika tano bila kupiga stori. Akina mama wenye watoto wa sikoseli tukutane upande wa jukwaa tujifunze kupapasa wengu, na akina baba wao pia, msinikimbie. Maswali tutayachukua huko huko kwenye meza.